Mgeni na Kimvita: Nani Amfuate Nani?

Hoja iliyo mezani ni rahisi kuitamka: mtu akihamia Mombasa kutoka bara, ajifunze Kimvita cha wenyeji, au wenyeji ndio wamwendee kwa Kiswahili sanifu? Huzuka kila mwalimu mpya anapopangiwa shule ya Kisauni, kila muuguzi anapohamishiwa Likoni, kila mpangaji anapoamka asubuhi ya kwanza Majengo na kuulizwa na jirani, "Waenda wapi?" naye akageuka nyuma kutazama hao wanaoenda ni akina nani. Wapo wanaolicheka swali lenyewe, kwa kuwa wote hao wanasema Kiswahili. Hapo ndipo penye utata. Mtu anayefika Kisumu bila kujua Kijaluo anajua kwamba hajui. Anayefika Mombasa anadhani anajua, na mwenyeji naye anadhani ameeleweka. Kutoelewana kwa watu wanaoamini wameelewana ni kubaya kuliko kwingine kote, kwa sababu hakuna anayekumbuka kumwita mkalimani.

Mjadala huu una sauti zake za kawaida, na nitazipa nafasi: mwalimu, mzee wa Mji wa Kale, mchuuzi, kijana, na jirani yetu wa upande wa pili wa mpaka. Mimi lakini si mwenyekiti asiye na upande. Ninashikilia kwamba mgeni ana deni la kuielewa lahaja ya mahali alipofika, ila hana deni la kuizungumza; na kwamba deni hilo linamlemea zaidi aliyekuja na kalamu ya serikali kuliko aliyekuja na mkokoteni.

Aanze mwalimu. "Mimi nina mtihani mbele yangu. Mwanafunzi akiandika 'nilitoka nde nikashika ndia', mtahini hatauliza kama mtoto huyu amelelewa Kibokoni au Kuze. Atakata alama. Mkitaka niilee lahaja darasani, niambieni kwanza nani atawarudishia watoto hawa alama zao." Maneno haya yana uzito. Insha ya mtihani hudai Kiswahili sanifu, na mtoto aliyelelewa ndani ya Kiswahili hujikuta akiaibishwa na somo ambalo kila mtu alidhani atalipita usingizini, huku mwenzake wa Nyeri aliyejifunza lugha kitabuni akiandika bila doa. Mwalimu anayemhurumia mtoto huyo hana kosa. Kosa lake ni hatua anayoichukua baada ya huruma: anaifuta "ndia" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "si Kiswahili". Kwa kalamu hiyo amemwambia mtoto kwamba nyumbani kwao hakusemwi Kiswahili, na jambo hilo si kweli hata kidogo.

Historia iko wazi. Karne ya 19 wamisionari waligawanyika pande mbili. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na wenzake wa shirika la kimisionari la CMS walifanya kazi upande huu, na kamusi yake iliyochapishwa 1882 imesheheni maneno ya huku. Edward Steere wa shirika jingine, UMCA, alikaa Unguja, na kitabu chake cha sarufi cha 1870 kikajengwa juu ya Kiunguja. Kila upande ukatoa vitabu vyake, hata tafsiri zake za Biblia, na Wakristo wa pande zote hawakupata tafsiri moja ya pamoja hadi mwaka 1952. Mwaka 1928 wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kukata shauri. Walikutana Mombasa, na hapo hapo Mombasa wakakiacha Kimvita na kukichukua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya kukisimamia ikaundwa 1930. Walikuwa na sababu nzuri. Kiunguja kilikwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi maziwa makuu, na watawala walitaka lugha ambayo tayari ilikuwa na miguu. Lakini hiyo ni sababu ya matumizi. Hakuna aliyesimama pale akathibitisha kwamba "njia" ina usahihi ambao "ndia" haina, wala asingeweza, maana Kimvita wakati huo kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, kabla Krapf hajatia mguu kisiwani. Sanifu ni lahaja iliyopewa kazi ya ofisini. Mwalimu akilijua hilo hatapoteza alama hata moja, ila ataacha kuandika uongo kwenye daftari la mtoto.

Tena anachokiona kama vurugu kina utaratibu unaofundishika katika vipindi viwili. Pale sanifu inaposema "nj", Kimvita mara nyingi husema "nd": nje ni nde, njaa ni ndaa, njia ni ndia, na ukiitwa "Ndoo!" mlangoni, usilete ndoo ya maji, wewe ndiye unayetakiwa. Pale sanifu inaposema "ch", Kimvita mara nyingi husema "t": macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, chini ni tini, kuficha ni kufita, kucheka ni kuteka. Kuchinja kumebeba yote mawili, kukawa kutinda. Mwanafunzi mwerevu atauliza basi kwa nini chakula hakikuwa "takula", na chai haikuwa "tai". Ni swali zuri, na jibu lake ni somo la isimu ambalo wengi hulipata chuo kikuu tu: "ch" ya chakula imetokana na kiambishi "ki" kilichokutana na irabu, na chai ni neno la kuazima, zile za macho na mchele zina asili nyingine ya kale zaidi. Mtoto wa Mombasa ana data ya somo hilo kinywani mwake. Sikio lake hutofautisha hata "t" mbili, ile ya mato ambayo ulimi hugusa meno, na ile ya mtu ambayo ulimi hupanda ufizini. Sijui darasa gani la Kiswahili lenye haki ya kuutupa utajiri wa namna hiyo kapuni kisha likalalamika kwamba watoto hawalipendi somo.

Mzee wa Mji wa Kale amekuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa anataka zaidi. "Mimi nimezawa hapa, na babangu kazawa hapa. Mtu yuwaja na sanduku lake, siku ya pili ashanisahihisha mimi. Yeye ndiye mgeni, basi na ajifunze asemavyo mwenyeji. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Uchungu wake naufahamu. Ni kero kwa mtu aliyerithi lugha kuambiwa na aliyeisoma kwamba anaikosea. Ila methali aliyoichagua inamsaliti. Mgeni wa lugha hatakiwi kufumba jicho, anatakiwa kufumbua sikio, na kumlazimisha aseme "mato" na "yuwaja" ili akubalike ni kumgeuza kasuku. Wenyeji wenyewe ndio wa kwanza kumcheka akijaribu. Na hapa sina budi kuwasema wenyeji: kicheko hicho kimefanya madhara. Mtu wa bara akichanganya ngeli, akasema "kitabu yangu", hupata jina la mbara kabla hajamaliza sentensi. Baada ya kuchekwa mara tatu hujifungia kwenye Kiswahili chake cha kazini, au hukimbilia Kiingereza, ambako yeye ndiye mwenyeji. Kisha tunamlaumu kwamba ana kiburi.

Mzee pia anasahau Kimvita kilivyozaliwa. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili, Tisa upande mmoja na Thalatha upande wa pili. Sikiliza majina yao: Wapate, Wafaza, Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu, Wachangamwe. Ni majina ya miji na mitaa walikotoka au walikokaa. Hawa walikuwa wageni wa wenzao, kila kundi na matamshi yake; wataalamu wa lahaja waliopita hapa mwanzoni mwa karne ya 20 bado waliandika habari za Kijomvu na Kingare pembeni mwa Kimvita. Kilichowaunganisha ni kusikilizana kwa vizazi vingi sokoni, misikitini na katika ndoa. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba Kimvita ni uzio wa kuwazuia wageni anadai kinyume cha asili yake. Hiki ni Kiswahili kilichotengenezwa na watu waliohamia.

"Nyinyi mna nafasi ya kubishana," adakia mchuuzi. "Mimi niko Kongowea tangu alfajiri. Anayetaka kitu husema, nami nampa. Lahaja haijawahi kunizuia kuuza." Anasema kweli, na ukweli wake ni ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine, ingawa yeye anauleta kwa nia ya kunipinga. Mchuuzi aliyetoka Meru hakufika akijua kwamba zao moja la mnazi lina majina kwa kila umri. Lakini mteja wa Mombasa hamwambii tu "nipe nazi". Kidaka ni kile kichanga kilichotoka juzi kwenye ua. Kikikua kidogo ni kitale. Dafu ni la kunywa maji, nyama yake bado laini ya kukwanguliwa kwa kijiko. Koroma limepita hapo. Nyama imeanza kukaza lakini tui lake halina nguvu, na mama aliyeuziwa koroma kwa jina la nazi atalirudisha akiwa amekasirika. Nazi ndiyo iliyokomaa, ya kukunwa kwa mbuzi, itoe kasimile kwa mkamuo wa kwanza na tui jepesi kwa mkamuo wa pili. Mbata ni iliyokauka hata nyama ikaachana na kifuu. Mchuuzi wetu anayajua yote haya, na hakuna aliyemfundisha. Alirudishiwa makoroma mara kadhaa akajifunza. Ukimwuliza atasema hajui Kimvita, kumbe anakielewa hadi jikoni.

Tuulize basi nani asiyejifunza. Makanga wa matatu anajifunza, fundi cherehani anajifunza, muuza samaki anajifunza, mwanamke aliyeolewa Mji wa Kale kutoka Machakos baada ya mwaka anaulizwa "Waambaje?" na wifi zake naye anajibu bila kusita. Asiyejifunza ni yule ambaye kutoelewa hakumgharimu yeye, kunamgharimu aliye mbele yake: mwenye chaki, mwenye sindano, mwenye kitabu cha matukio kituoni, mwenye kiti cha hakimu. Watu hao si wazito wa lugha kuliko mchuuzi. Cheo kimewaondolea haja ya kusikiliza. Mchuuzi asipoelewa anapoteza mteja, na ofisa asipoelewa anayepoteza ni mwananchi. Ndiyo maana nasema deni halilingani, na ndiyo maana sikubali mjadala huu uendeshwe kana kwamba "mgeni" ni mtu wa aina moja.

Fikiria mama aliyempeleka mwanawe zahanati. Anamwambia muuguzi, "Yuna homa tangu jana, na leo hatezi." Muuguzi aliyesomea Nakuru atalishika neno homa, ataandika homa. "Hatezi" litapita kama upepo, na huenda likadhaniwa ni kilio cha mama mwenye wasiwasi. Maana yake ni hachezi, na kila aliyefunzwa kutibu watoto anajua kwamba mtoto kuacha kucheza ni dalili ya kuangaliwa upesi kuliko homa yenyewe. Mama ametoa habari muhimu kuliko zote kwa Kiswahili safi, na haikufika. Au chukua mzee anayesema ana mshipa. Kwa aliyesoma sayansi darasani, mshipa ni njia ya damu, na kila mtu anayo mingi. Kwa mzee wa pwani neno hilo pia ni jina la ngiri, au la korodani iliyojaa maji, ugonjwa uliojulikana sana katika ukanda huu. Haya haitamruhusu kufafanua zaidi mbele ya muuguzi wa rika la binti yake. Ataondoka na vidonge vya maumivu. Kituoni mambo ni hayo hayo: "walimtukua" ni walimchukua, na ni rahisi mno kwa mkono usiolizoea neno kuandika "walimtukana", tukawa na kesi nyingine kabisa. Na mwanamke wa Mombasa au Unguja akisema kwamba wakati wa tukio alikuwa na shoga yake, anamtaja rafiki yake wa kike. Bara neno hilo limekuwa la kumtaja mwanamume anayelala na wanaume, nalo hutamkwa kwa matusi. Sitaki kukisia mwandishi wa maelezo ataweka nini hapo.

Lipo pingamizi zuri ambalo sauti hizi hazijalitoa, nalitoa mwenyewe: ofisa wa serikali hukaa kituoni miaka michache, kisha huhamishwa. Akijifunza Kimvita leo, kesho atapelekwa Lamu akute Kiamu, ambako jana ni yana, moja ni moya, viatu ni zatu. Au Vanga akute Kivumba. Atasomea lahaja ngapi? Jibu langu ni kwamba hatakiwi kusomea yoyote kwa kiwango cha malenga. Utaratibu wa nd na t nilioueleza juu unajifunzwa siku moja. Umbo la "yuwaja", "yuna", "waenda" halihitaji hata siku. Kinachobaki ni maneno ya kazi yake, na hayo si mengi: muuguzi maneno ya mwili na maradhi, polisi maneno ya kuchukuliana na kupigana, ofisa wa uvuvi maneno ya bahari. Huyu wa mwisho asipojifunza ni hatari tupu. Anayepanga kikao cha wavuvi wa Pate bila kujua bamvua na maji mafu atapanga siku ambayo hakuna atakayekuja, kwa sababu chombo hupita kwenye mkanda wa Manda maji yakiwa yamejaa, na mvuvi hupanga wiki yake kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, ndiyo bamvua. Kalenda ya ukutani haimwambii kitu. Haimwambii pia kwamba kusi likivuma wapo ambao hawataonekana baharini, na kwamba tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, ni wakati wa kuweka kazi nyingine. Orodha ya kurasa tatu ingemtosha. Tunawapa maofisa wapya makabrasha ya kanuni za mavazi; hizo kurasa tatu hazitavunja hazina.

Kijana amekuwa akitazama simu muda wote huu. "Mnabishania maiti. Kimvita ni cha akina bibi. Wenzangu wa Bombolulu hawasemi mato, wanasema macho, na nusu ya maneno yetu ni Sheng. Mgeni akitaka kutuelewa ajifunze hiyo." Sehemu ya madai haya ni kweli. Maneno mengi ya Kimvita yamerudi nyuma mbele ya shule, redio na mchanganyiko wa mitaa, na mtaa wenye watu wa kila kabila hauwezi kusema kama Kibokoni. Lakini lahaja haifi kwa kupoteza "mato". Kijana huyu huyu husema "waenda wapi", "yuwakuita", "mbona wanifanyia hivyo", bila kujua kwamba anachokisema ndicho anachokizika. Mshairi Abdilatif Abdalla alipoandika waraka wake wa mwaka 1968 aliuita "Kenya: Twendapi?" na hakuna Mkenya aliyehitaji tafsiri, kuanzia wasomaji hadi waliomfunga miaka 3 kwa ajili ya waraka huo. Tungo alizoziandika gerezani zikatoka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki", kwa Kimvita kisichoomba radhi, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ama Sheng ya Mombasa, sina ugomvi nayo. Mwalimu anayefundisha Tudor na asiielewe ana deni lile lile nililolitaja, kwa sababu lile lile.

Imebaki sauti ya jirani kutoka Dar es Salaam, naye ana hoja kubwa kuliko zote. "Sisi tuna makabila zaidi ya 120, na kilichotukalisha pamoja ni Kiswahili kimoja. Mkianza kila mji uheshimiwe na lahaja yake, mtaishia kutosikilizana. Umoja una gharama yake." Tanzania imevuna mengi kwa kuchagua lugha moja ya shule na serikali, na Kenya ingekuwa na busara kama ingeanza mapema kama wao. Ila umoja huo haukuhitaji kila mtu aache kusema kama kwao, ulihitaji kila mtu apate lugha ya pili ya kukutania. Upande wa Zanzibar, ambako sanifu ilichukuliwa, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limechapisha kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na muungano haukutikisika. Jirani yetu mwenyewe akija Mombasa kununua kanga za harusi, ataelekezwa Barabara ya Biashara, mtaa ambao maduka yake yanajulikana kwa leso. Kwao leso ni ya kufutia jasho. Atasimama mlangoni dakika moja akishangaa, kisha ataona doti zimetundikwa hadi darini, atacheka na kununua. Sanifu haikufa. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani na neno la ziada.

Tena sanifu inakopa kwa lahaja hizi kila inapoishiwa. Runinga, neno ambalo magazeti na vitabu vya shule vya Kenya vimelizoea, hutajwa kuwa la Ahmed Sheikh Nabhany, mtaalamu wa Kiswahili wa kaskazini, kama lilivyo tarakilishi. Na runinga inasemwa imepatikana kwa kuunganisha rununu na maninga, jina la kale la macho. Mtoto anayesahihishwa kwa "mato" anatazama katuni kwenye chombo kilichopewa jina kutoka ghala lile lile la pwani. Wanaodhani lahaja ni mzigo unaobebwa na sanifu hawajatazama nani anambeba nani.

Siombi mtihani ubadilishwe. Insha iandikwe kwa sanifu, na mtahini akate alama pale mwanafunzi alipoambiwa aandike sanifu akaandika kingine. Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana muhula ujao. Vyuo vya ualimu vinavyopeleka walimu Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu viwafundishe utaratibu wa sauti za lahaja za huko kabla hawajapanda basi. Kaunti za pwani ziwape wauguzi na makarani wao wapya ile orodha ya kurasa tatu, iliyoandikwa na wazee wanaojua na kupitiwa na madaktari. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi; mwanasheria akisema lahaja si lugha, aulizwe kama mtoto aliyeacha kucheza ataugua kwa kujali tofauti hiyo. Mwalimu akikuta "ndia" daftarini, afute "si Kiswahili" na aandike "Kimvita, hapa tumia njia". Mwenyeji apunguze kicheko. Na wewe uliyehamia pwani mwezi huu, usiitikie "ndiyo" kwa neno ambalo hukulielewa. Uliza, hata kama uliyemwuliza ni mgonjwa wako.